Muulize Mwalimu: Rhapta, Rhaptum, Rhaptus

Mwezi huu nina barua nne, na ya kwanza imekula nafasi ya wenzake. Wenye barua fupi mnisamehe.

Barua ya kwanza

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kigamboni, najifunza kazi ya kuongoza watalii. Shuleni tulifundishwa kwamba Rhapta ulikuwa mji wa biashara wa pwani yetu enzi za Wagiriki na Warumi. Juzi mgeni mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya ramani ya kale ya Kilatini. Mji umeandikwa Rhapta, rasi Rhaptum, na mto Rhaptus. Mwenzangu mmoja anasema ni makosa ya wachoraji. Mwingine anasema Rhapta ni Rufiji iliyoharibiwa na ndimi za Wazungu. Jina ni la nani, na lipi ndilo sahihi? Halafu mgeni huyo aliniuliza 'niko Rhapta' kwa Kilatini inasemwaje, nikabaki kucheka tu. Nisaidie kabla hajarudi."

Marahaba, mwanangu. Wenzako wote wawili wamekosea, ila huyo wa "makosa ya wachoraji" amewadharau watu waliokuwa makini kuliko yeye. Nitamrudia.

Jina ni la Kigiriki. Wagiriki wana kitenzi rhapto, nashona, na kutokana nacho wakapata rhaptos, yaani -a kushonwa. Aliyetuachia jina hilo ni mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1, Misri ikiwa chini ya Roma. Jina lake mwenyewe hakuliandika. Kitabu chake huitwa Periplus, safari ya kuambaa pwani, na kimekaa kama daftari la nahodha: bandari hii iko hapa, tanga siku ngapi, wananunua nini, wanauza nini, jihadhari na nani. Akishaipita pembe ya Somalia pwani yetu anaiita Azania, na anashuka nayo mpaka kituo cha mwisho kabisa, Rhapta. Katika sentensi hiyohiyo anaeleza kwamba jina limetokana na vile vyombo vidogo vya kushonwa alivyokwisha kuvitaja. Pembe za ndovu na magamba ya kasa, anasema, zilijaa tele.

Sasa Rufiji. Huenda mji wenyewe ulikuwa huko kwenye delta. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 habari za shanga za Kirumi zilizopatikana upande huo. Wengine wanaupeleka mji Pangani, wengine jirani na hapa tulipo. Waache wachimbe. Mahali ni jambo moja, jina ni jingine. Herufi ya kwanza kufanana si undugu, la sivyo Roma na Ruvuma wangekuwa mtu na dada yake.

Kwa nini uzi uwashangaze Wagiriki? Kwa sababu kwao mbao za jahazi ziliunganishwa kwa ndimi za mti zilizochomekwa ubao kwa ubao na kukazwa kwa vijiti. Chombo kilichoshonwa kama nguo kilikuwa kitu cha kusimulia ukirudi.

Mimi nami sikuwahi kuona chombo kikishonwa. Nilipozaliwa misumari ilikuwa imeshashinda. Lakini kamba yake naijua kwa pua. Kwa bibi mzaa mama, kisiwani Mafia, makumbi ya nazi yalifukiwa ufukweni, kwenye shimo linalofikiwa na maji ya bahari, yakakaa humo miezi. Siku ya kuyafukua sisi watoto tulitoka mbio, maana harufu ile inaingia hadi kwenye nywele. Yalipondwa kwa gongo juu ya gogo mpaka kumbi likaachia unga wake, zikabaki nyuzi za rangi ya kutu, ndio usumba. Bibi aliketi mkekani miguu kainyoosha, akaziweka nyuzi juu ya paja na kuzisukuma kwa kiganja, na kamba ikatoka upande wa pili kana kwamba muda wote ilikuwa imo mkononi mwake. Paja lake la kulia lilikuwa laini kama kigae, halina hata kinyweleo.

Kamba ya namna hiyo ndiyo iliyoshona mtepe, kile chombo cha tanga cha kale cha pwani yetu kisicho na msumari. Mtepe wenyewe nilikuja kuuona utu uzimani, Unguja, kwenye Beit al-Ajaib. Ulijengwa mwaka 2003 kwa kuiga ile ya zamani, nami niliuwahi kabla sehemu ya jumba lile haijaporomoka Desemba 2020. Nilisimama ubavuni mwake nikaanza kuhesabu matundu, nikaishia njiani. Kamba inaingia hapa, inatokea pale, ubao umeshikana na ubao kama pindo la kanzu.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonichekesha peke yangu. Kati ya bidhaa zilizoletwa Rhapta kutoka Muza, bandari ya Yemeni, Periplus inataja mikuki, vishoka, visu, vitu vya kioo, na opetia. Opetia ni misharasi: kile chuma chenye ncha na mpini wa mti ambacho fundi viatu wetu hapa Magomeni Mapipa hutobolea soli. Watu wa mji wa Kushonwa wanaletewa vya kutobolea! Kwamba walitoboa mbao au ngozi, kitabu hakisemi, lakini mimi nina kisio langu.

Tuje kwenye sarufi, ndiyo iliyonilisha miaka yote. Tazama mikia ya maneno hayo ya Kigiriki. Vishoka ni pelykia, visu ni machairia, misharasi ni opetia, na vile vyombo ni rhapta ploiaria. Yote yanaishia kwa -a. Hiyo -a ndiyo vi- yao. Wagiriki wana ngeli tatu tu, maskini: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo upande wowote, ambamo huingia vitu vingi, hasa vikifanywa vidogo. Ploion ni chombo cha baharini. Ukikidogosha kinakuwa ploiarion, kama dau linavyokuwa kidau. Vikiwa vingi ni ploiaria, vidau. Kivumishi nacho kinafuata, kinakuwa rhapta. Kwa hiyo Rhapta, neno kwa neno, ni "Vilivyoshonwa". Nomino yake imedondoka njiani, kama inavyodondoka tunapomwambia mama wa vitumbua "nifungie vinne vya moto" na asituulize vinne vya nini.

Ungekuwa mtaa wa leo ungeitwa Mitepeni, ukakaa baina ya Mikocheni na Magomeni, na konda angeuita kwa sauti.

Wala hawakuishia hapo. Pembe ile ya Somalia waliiita Aromata, yaani Manukato, kwa kile kilichonunuliwa huko. Mkia ni -a ileile.

Na kwa kuwa nimeshika uzi: kitenzi hichohicho cha kushona ndicho kilichowapa Wagiriki jina la mghani wa tenzi, rhapsodos, mshona nyimbo. Sisi shanga tunatunga, samaki kwenye kamba tunatunga, na shairi tunatunga. Halihusiani na swali lako. Nimelitaja kwa kuwa linanifurahisha.

Turudi kwenye ramani. Karne moja hivi baada ya yule mfanyabiashara, Claudius Ptolemaeus wa Alexandria aliandika jiografia yake, akautaja mji, mto na rasi kwa jina hilo moja. Mwanzoni mwa karne ya 15 Jacopo Angeli akaitafsiri kwa Kilatini, kisha ikachapwa pamoja na ramani, kwa mfano kule Ulm mwaka 1482. Kwa Kilatini mto ni fluvius, wa kiume, basi ni Rhaptus. Rasi ni promontorium, ya ngeli ya tatu, umoja, basi ni Rhaptum. Ukikuta Rhapti fluvii ostia, hiyo ni milango ya mto Rhaptus. Mtoto wa darasa la tatu pale Temeke anasema mto umeshonwa, rasi imeshonwa, vidau vimeshonwa, na hakuna anayemwambia amekosea tahajia mara tatu. Mpelekee mwenzako hilo.

Kitu kimoja tu ni cha kulinda: ile h. Wagiriki waliitamka r ya mwanzo wa neno kwa pumzi, na Warumi wakaionyesha pumzi hiyo kwa kuandika rh. Wachapaji wengi baadaye waliidondosha, wakaandika Rapta. Sasa rapta kwa Kilatini ni neno jingine kabisa, na maana yake ni kilichonyakuliwa. Mkoba wako ukikwapuliwa Kariakoo, hiyo ndiyo rapta. Ukiisoma ramani kwa Kilatini kitupu, pwani yetu ina mto ulioporwa na rasi iliyoporwa. Kuna siku naona hawakukosea sana, lakini hayo si ya safu hii.

Na mgeni wako? Hapa Kilatini chenyewe kinayumba, na lazima mtu achague. Kigiriki kina msimamo: ni wingi. Periplus inasema ta Rhapta, na Ptolemaeus, akimtaja baharia aitwaye Theophilus aliyeng'oa nanga huko kwa upepo wa kusi akafika Aromata siku ya ishirini, anaandika "kutoka" Rhapta kwa umbo la wingi. Lakini Mlatini akiona -a mwishoni, na mbele yake neno metropolis, mji mkuu, ambalo ni la kike, anashawishika kuufanya mji kuwa mwanamke mmoja, kama Roma. Yametokea kwa miji mingine. Megara wa Wagiriki, kwa Kilatini utaukuta wingi na utaukuta umoja wa kike. Na usiende mbali: Yerusalemu. Fungua Biblia ya Kilatini, Mathayo 2, mamajusi wanafika Hierosolymam, umoja wa kike. Nenda Yohana 4, mwanamke Msamaria anasema Wayahudi husema mahali pa kuabudia ni Hierosolymis, wingi. Kitabu kimoja, mji mmoja, na hakuna aliyeomba radhi.

Mimi nachagua wingi, kwa sababu ndio uliomo kwenye jina tangu lilipozaliwa. Basi mjibu mgeni: Rhaptis sum, niko Rhapta. Rhapta eo, naenda Rhapta. Rhaptis venio, natoka Rhapta. Ndiyo, kuwapo na kutoka ni umbo moja, na msikilizaji ataelewa kutokana na kitenzi. Akitokea mjuzi akakwambia Rhaptae sum, usibishane naye. Ameufanya mji mwanamke mmoja, na ana wenzake.

Tena umuonyeshe kitu. Mwingereza anayejifunza Kilatini huteseka hapa, maana kwake huwezi kwenda mji bila kihusishi mbele yake, na Kilatini kimekataa kihusishi kwenye jina la mji. Wewe hutateseka. Unasema naenda Bagamoyo, niko Bagamoyo, natoka Bagamoyo. Hakuna "katika Bagamoyo", wala "Bagamoyoni". Ile -ni tunaiwekea nyumba, shamba na soko, si miji. Nao Walatini wana kijitabia chao kama hicho kwa maneno machache ya nyumbani: domi, nyumbani; ruri, shambani; humi, chini. Yana mkia wa mahali kama sisi, ila wao ni -i. Tofauti yetu ni moja, nayo si ndogo: Bagamoyo inabaki Bagamoyo uende urudi, na Roma inakuwa Romam ukiiendea, Romae ukiwapo, na Roma yenye a ndefu ukitoka.

Barua ya pili

"Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko seminari ndogo. Amerudi likizo na daftari la Kilatini, kaandika Paulus Athenae est, Paulo yuko Athene, na limepigwa mkwaju mwekundu. Anasema alifuata mfano wa Romae uliomo kitabuni. Baba yake anasema mwalimu kamwonea. — Mama, Tabata."

Marahaba mama. Baba anampenda mwanawe, lakini kosa ni kosa. Nalijua kosa hilo kwa rangi yake. Kabla sijagundua kwamba utawa si wito wangu, nilisoma Kilatini kwa masista miaka miwili, na sentensi niliyoandika mimi ilikuwa hiyohiyo, Paulo huyohuyo. Sista alichora duara jekundu juu ya Athenae, akaandika pembeni neno moja: Quot? Ngapi? Alinirudishia karatasi bila maelezo. Nilikaa nayo wiki nzima nikimchukia.

Ngapi. Roma ni mmoja. Athenae ni wingi, umechukuliwa hivyohivyo kutoka kwa Wagiriki, wanaosema Athenai. Mji ni mmoja, jina ni la wengi. Kwa jina la umoja linaloishia kwa -a mkia wa mahali ni -ae, kama Romae; kwa linaloishia kwa -us ni -i. Kwa la wingi ni -is. Paulo yuko Athenis, na ndivyo Matendo ya Mitume 17:16 ilivyo kwa Kilatini.

Wanafunzi husumbuka: mji mmoja unakuwaje wingi? Mimi nakaa Magomeni Mapipa. Magome mangapi? Mapipa mangapi? Sijaona gome wala pipa, na barua zinanifikia. Hakuna anayesema "Magomeni yako mbali". Wagiriki hao tu ndio walioubeba wingi hadi kwenye sarufi: Thebai, Mykenai, Delphoi. Homer alipata kuuita mji wa Athene kwa umoja, mara moja katika Odyssey, lakini hakufuatwa.

Mwanao nampa dawa ambayo sista angeweza kunipa siku ileile. Achukue nyaraka za Paulo kwa Kilatini, asome salamu za mwanzo tu. Warumi: walio Romae. Wakorintho wa Kwanza: kanisa lililo Corinthi. Waefeso: walio Ephesi. Wafilipi: walio Philippis. Wakolosai: walio Colossis. Mitatu umoja, miwili wingi, hakuna kihusishi hata kimoja, na somo zima la mahali limekwisha bila kitabu cha sarufi. Wathesalonike ataona wameandikwa kwa njia nyingine, kama watu na si kama mji, awaruke.

Huyo Philippi naye ana kisa. Mji uliitwa Krenides, Chemchemi, mpaka Philip wa Pili wa Makedonia alipoutwaa mwaka 356 kabla ya Kristo na kuupa jina lake. Jina lake likatoka wingi, kama vile mfalme mmoja hakutosha.

Barua ya tatu

"Mwalimu, ile es katikati ya Dar es Salaam ni Kijerumani au ni Kiarabu? Na mji wetu una jina la Kilatini? — Dereva wa bajaji, Sinza."

Kiarabu, mwanangu. Ni al yao, iliyomezwa. Mbele ya s ile l hugeuka s, ndiyo maana unaitikia as-salaam na si al-salaam. Wazungu waliisikia ikiwa es wakaiandika hivyo. Dar ni nyumba, makao. Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga mji miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima.

Kilatini chake kimo kwenye nyaraka za Kanisa: jimbo kuu linaitwa Daressalaamensis. Ni ujanja mzuri huo. Badala ya kuhangaika Dar ichukue mkia gani, wamebandika -ensis, yaani "wa mahali fulani", kama Atheniensis, mtu wa Athene, na mambo yakaisha. Ningekuwa nao ningefanya vivyo hivyo.

Barua ya nne

"Mwalimu, nimenunua boti, mtu kanishauri niiite Rhapta kwa heshima ya mababu. Rafiki yangu mchora maandishi anasema h haina kazi, atailipisha kama herufi ya ziada. Niandike vipi? — Mvuvi, Msasani."

Hongera kwa boti, baba. Kwenye simu, nilipokuuliza, umeniambia ni ya faiba, ina mashine ya kubandika, na haijawahi kuguswa na uzi wala kupigwa kalafati. Jina linamaanisha vidau vingi vilivyoshonwa. Chako ni kimoja na kimemiminwa kwenye kalibu. Kwa haki ya sarufi kidau kimoja kingekuwa Rhapton, na kwa haki ya ukweli hata hicho hakikufai.

Lakini boti ni yako na mababu ni wetu sote, basi andika Rhapta. Hiyo h mlipe mchoraji wako, na usimwage hata shilingi kumbembeleza. Ukitoka na RAPTA kubavuni, siku yoyote askari wa doria aliyepitia seminari atakusimamisha katikati ya maji akutake risiti ya boti.